Shangazi nisaidie: mabinti wawili wanaumwa, wa tatu amegeuka nesi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mabinti watatu, tunaishi Kimara. Mkubwa ana miaka 13, ameingia kidato cha kwanza mwaka huu, ana selimundu tangu utotoni. Wa katikati ana miaka 11, mzima kabisa. Kitinda mimba ana miaka 8, yuko darasa la pili, na mwaka jana aligundulika ana kisukari cha kuchoma sindano. Baba yao anaendesha lori la mizigo la Tunduma, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tupo mimi, wao na mama mkwe.

Yanayonisumbua ni haya. Mkubwa bado anakojoa kitandani, karibu kila usiku. Bibi yake anasema asinywe maji kuanzia saa kumi jioni, kliniki wanasema anywe muda wote. Nimsikilize nani? Mtoto mwenyewe ameanza kukataa kulala chumba kimoja na wadogo zake.

Mdogo sukari inamshuka shuleni, mara nyingi inapokaribia saa tano. Anatetemeka, analowa jasho, analia bila sababu. Nilimwekea biskuti mfukoni, mwalimu akazichukua, akasema darasani hakuliwi. Nafikiria nimpunguzie insulini ya asubuhi siku za shule, sukari ibaki juu kidogo, angalau nisiwe napigiwa simu nikiwa dukani.

Umeme huku kwetu unakatika bila taarifa. Jirani ananishauri insulini niiweke kwenye friza, ishike baridi ya kutosha mpaka umeme urudi.

Wa katikati ndiye mkono wangu wa kulia. Anaamka usiku kumpima mdogo, anambadilishia dada yake mashuka, dawa zote anazijua. Juzi kaniuliza, "Mama, mimi nitaumwa lini?" Nilikosa la kumjibu.

Na ndugu wa mume wanasema kwao hakuna magonjwa haya, nimekuja nayo mimi.

Mama wa watatu, Kimara

*

Marahaba mama, na pole kwa majukumu.

Kabla hujaendelea kusoma, shika haya: insulini usiipunguze kwa makadirio yako, friza isiione hata kwa dakika kumi, na maji ya mkubwa yasikatwe.

Tuanze na hayo maji, maana hapo Bibi anasema kitu ambacho kwa mtoto mwingine kingekuwa na mantiki. Figo ya mtu mwenye afya usiku huvuta maji na kuyarudisha mwilini, mkojo unakuwa kidogo na mzito. Kwa mwenye selimundu, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo ya ndani ya figo tangu mtoto akiwa mdogo, na uwezo huo wa kurudisha maji mwilini hupungua. Figo yake inamwaga maji mchana na usiku, anywe asinywe. Ukimnyima maji jioni, kitanda kitalowa vilevile, ila damu itakuwa nzito zaidi, na alfajiri utaamshwa na kilio cha miguu. Mwambie Bibi hivyohivyo, kwa upole, na ikiwezekana nenda naye kliniki tarehe ijayo ayasikie kwa nesi. Wakwe wengi humwamini nesi kuliko mkamwana.

Binti wa kilo 35 hivi anahitaji takriban lita 2 kwa siku, na zaidi kwenye joto la Januari mpaka Machi. Unachoweza kupanga ni saa za kunywa. Chupa ya nusu lita aimalize kabla ya mapumziko ya saa nne, nyingine kabla ya kutoka shule, ya tatu akifika nyumbani. Iliyobaki ni ya chakula cha usiku na mafunda machache kila akiamka kukojoa. Aende chooni anapopanda kitandani, umwamshe tena unapokwenda kulala wewe saa nne au saa tano, kisha kengele ya simu imwamshe mwenyewe saa tisa. Kama choo kiko nje, weka ndoo yenye mfuniko chumbani na taa ndogo ya kuchaji. Mtoto anayeogopa giza la uani hataamka hata kengele ilie mara kumi.

Kitanda kitandike tabaka mbili. Nunua duka la dawa ule mpira ambao wajawazito hubeba wakienda kujifungua, ukate vipande viwili. Godoro, mpira, shuka, halafu mpira wa pili, shuka la pili. Akilowa usiku anavua tabaka la juu, anaviringisha, anatumbukiza kwenye beseni, anarudi kulala pakavu. Dakika mbili tu, na hahitaji kumwamsha mtu. Hilo litamsaidia kuliko maneno yoyote ya kumtia moyo, kwa sababu kinachomuumiza sasa hivi ni kuonekana.

Akiwahi kukaa miezi bila kukojoa kisha ikaanza ghafla, au mkojo ukamchoma, apimwe mkojo. Akikoroma sana usiku na kukata pumzi, mwambie daktari: findo zikiwa kubwa zinaweza kuchangia. Na kwa kuwa mashine ya sukari mnayo ndani, mpime mara moja asubuhi kabla hajala, mjiridhishe.

Kuhusu hedhi hujauliza, lakini itakuja. Wasichana wenye selimundu mara nyingi huchelewa mwaka mmoja au miwili kuliko wenzao, kwa hiyo asipoanza sasa usihangaike. Akifika miaka 15 bado kimya, lisemeni kliniki. Ikishaanza, andikeni tarehe, kwani baadhi yao maumivu ya mifupa huwajia siku hizohizo na mnaweza kujiandaa.

Maumivu yakianza nyumbani: maji, nguo nzito kidogo, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu mahali panapouma. Barafu kamwe, hata kama kiungo kimevimba, maana baridi hubana mishipa. Panadol ya miligramu 500, kidonge kimoja kila baada ya saa sita, visizidi vinne kwa siku nzima. Ibuprofeni ya miligramu 200 inaweza kuongezwa kila baada ya saa nane akiwa ameshakula, lakini waulize kliniki kwanza kama figo zake zinaruhusu. Kinachoharibu ni ile tabia ya kwenda dukani kuomba "dawa kali ya maumivu": unapewa diklofenaki juu ya ibuprofeni, ambazo ni dawa za kundi moja, au kidonge cha mchanganyiko chenye panadol ndani, mtoto anameza dozi mbili bila wewe kujua. Soma pakiti. Dawa za "kuongeza damu" zenye madini ya chuma nazo asipewe mpaka apimwe. Upungufu wake wa damu unatokana na chembe kuvunjika mapema, na waliowahi kuongezewa damu chuma huweza kuwajaa mwilini. Folik asidi ni kitu kingine, hiyo aendelee nayo kama alivyoandikiwa.

Kipimajoto kiwepo nyumbani. Joto likifika 38 ni hospitali, iwe saa nane usiku, bila kuanza na dawa ya malaria ya dukani. Vilevile kifua kikiuma au pumzi ikibana, mdomo ukipinda, mkono au mguu upande mmoja ukilegea, kichwa kikiuma kupita kawaida, tumbo likivimba upande wa kushoto chini ya mbavu, au viganja vikipauka ghafla. Na umuulize daktari kama amewahi kufanyiwa kile kipimo cha mawimbi cha mishipa ya damu ya kichwani. Kwa watoto wa selimundu kinapendekezwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16, kwa sababu kinaonyesha hatari ya kiharusi kabla hakijatokea.

Sasa huyu mdogo na saa tano yake. Ukimwacha na sukari ya juu siku tano kwa wiki, simu za shuleni zitapungua kwa muda, halafu utampeleka hospitali akihema kwa nguvu. Kwanza tutafute kwa nini inashuka saa hiyo. Kama chupa yake ni ile ya rangi ya maziwa, ya mchanganyiko, ndani yake mna insulini mbili. Ya haraka hufanya kazi sana kati ya saa mbili na nne baada ya sindano, ya polepole huanza kushika kasi kuanzia saa ya nne. Ukimchoma saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne au saa tano ya kwanza haijaisha na ya pili imeshapanda, huku tumboni kulikuwa na chai na kitumbua kimoja ambacho kimekwisha zamani. Kwa hiyo swali la kwanza ni amekula nini saa nne. Apate ndizi mbivu moja ya wastani, au vipande viwili vya mkate, au muhogo wa kuchemsha kipande cha kiganja chake. Siku ya michezo aongezewe kidogo kabla ya kukimbia, na asubuhi hiyo sindano iwe tumboni badala ya pajani, kwani mguu unaokimbia hunyonya insulini haraka.

Swali la pili ni namna mnavyochanganya. Chupa ya maziwa iviringishwe taratibu kati ya viganja, mara kumi hadi ishirini, mpaka rangi iwe moja kutoka juu mpaka chini. Isitikiswe kama dawa ya kikohozi. Isipochanganyika vizuri, leo anapata nyingi ya haraka, kesho nyingi ya polepole, na wewe unabaki kumlaumu kitumbua. Bomba la sindano liwe limeandikwa U-100, lilingane na chupa. Papasa pia sehemu anazochomwa: pakiwa na uvimbe laini chini ya ngozi, papumzishwe, maana insulini ikichomwa pale hunyonywa ovyo, leo kidogo, kesho yote kwa mpigo.

Swali la tatu ni vipimo vyenyewe. Mikono ioshwe na kukaushwa kabla ya kutoboa kidole. Mtoto aliyetoka kumenya embe atakupa 15 wakati damu yake ni 6. Vijiti vya kupimia sukari vikae kwenye kopo lao, kifuniko kimebanwa, kwa sababu unyevunyevu wa Dar huviharibu hata kabla ya tarehe kufika.

Vijiti vikiwa vichache, usivitawanye kila siku asubuhi tu. Pima kwa jozi: Jumatatu kabla ya chai na saa nne, Jumanne saa nne na kabla ya chakula cha mchana, Jumatano kabla ya chakula cha usiku na wakati wa kulala. Vya saa nne mwombe mwalimu wa afya asimamie, au uvifanye Jumamosi kwa ratiba ileile ya shule. Andika namba, dozi, na alichokula. Ukienda kliniki na daftari la wiki moja namna hiyo, daktari anaweza kupunguza uniti moja au mbili kwa uhakika, au kubadili saa ya sindano. Pengine dozi itapungua kweli, lakini itapunguzwa kwa namba.

Sukari ikishuka chini ya 4 (kama mashine yako inasoma kwa makumi na mamia, ni 70), biskuti si dawa, wala andazi, wala chokoleti. Mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Kwa mtoto wa kilo 25 hivi, vijiko viwili vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, au soda ya kawaida kama mililita 100, ambayo ni theluthi moja ya chupa ndogo. Subirini dakika 15, mpimeni. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale chakula cha kawaida. Akiwa hajitambui asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu, sukari iliyoloweshwa au asali ipakwe ndani ya shavu, mwite bajaji mara moja. Mfungie vinailoni vitatu vya sukari, kila kimoja vijiko viwili, vikae mfuko wa sketi, sio begi. Begi hubaki darasani watoto wakiwa uwanjani.

Na mwalimu yule sidhani kama ana roho mbaya. Ana watoto wengi darasani na hakuna aliyemwambia afanye nini. Omba kliniki barua yenye muhuri, kisha nenda kwa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa akiwepo. Usieleze historia ya ugonjwa. Karatasi moja inatosha, ibandikwe ndani ya daftari la mahudhurio: "Akitetemeka, akitoka jasho au akilia bila sababu, apewe pakiti ya sukari iliyo mfukoni mwake papo hapo, hapohapo alipo. Asitumwe ofisini peke yake. Baada ya dakika 15 ale. Asipoamka, hospitali, kisha mpigieni mama." Saa nne ya kula iandikwe pia. Mkubwa naye apelekewe ya kwake kwa mkuu wa shule na matroni: chupa ya maji mezani, ruhusa ya kwenda chooni bila kuomba mara mbili, sweta hata kama si siku ya sweta, na asipewe adhabu ya kupiga magoti juani, kukimbia wala kumwagiwa maji.

Insulini. Iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae friji, nyuzi 2 hadi 8, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na friza. Umeme ukikatika, friji usiifungue. Ikibaki imefungwa hushika ubaridi kwa saa kadhaa. Inayotumika haihitaji friji. Inahitaji kutopita nyuzi 30, na hapo ndipo chumba cha bati Kimara kinapoleta shida mchana. Chukua chungu kidogo, kiingize ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, funika kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa iwe ndani ya kikopo kikavu. Niseme ukweli, chungu hiki hupooza vizuri zaidi Dodoma kwenye hewa kavu. Dar wakati wa masika hushusha nyuzi chache tu. Ndiyo maana ununue kipimajoto kidogo cha chumba, ukitie humo, usome badala ya kukisia. Andika tarehe uliyofungua kwenye lebo, siku 28 zikiisha tupa hata kama imebaki nusu. Akiba ya miezi usiiweke yote nyumbani, omba zahanati yenye friji la chanjo au kliniki yenu wakutunzie. Na sukari ikiwa juu siku mbili bila sababu, fungua chupa mpya kabla ya kumgombeza mtoto.

Siku akiumwa homa au kutapika, insulini haisimamishwi hata kama hali kitu. Mpime kila baada ya saa tatu au nne. Akitapika mfululizo, akihema kwa kina, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, mkimbize.

Wa katikati. Swali lake ni la mtoto ambaye ameona kwamba ndani ya nyumba hii mama hupatikana kwa kuumwa. Muondoe zamu ya usiku kuanzia leo. Yeye ajue mambo mawili tu: kumpa mdogo sukari, na kumwita mtu mzima. Mashuka ni ya mwenye kitanda, sindano ni zako na za Bibi, na Bibi anafundishika, wapo mabibi wengi wanaochoma vizuri kuliko wazazi. Dawa za dada yake pia asizishike. Kama mkubwa anatumia haidroksiyurea, ile dawa ya kapsuli ya selimundu, unga wa kapsuli iliyopasuka haufai kugusa ngozi ya asiyeitumia. Baba akiwa njiani apewe kazi ya simu: yeye ndiye atakayepiga kuulizia namba za asubuhi na kukumbusha tarehe za kliniki. Kisha mtafutie wa katikati saa zake, Jumamosi moja dukani na wewe au Kariakoo kuchagua viatu, bila neno "dawa" kutajwa. Na usimwambie ashukuru ni mzima. Alishaambiwa.

Chungu cha jikoni kiwe kimoja. Mdogo anakula ugali, maharage na mchicha wa wote, kinachopimwa ni ukubwa wa tonge. Soda ndani ya nyumba iwe ya kupandishia sukari tu, kwa watoto wote watatu, vinginevyo kila siku mtagombana.

Ndugu wa mume waelezwe na mume mwenyewe. Ili mtoto awe na selimundu lazima apokee kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa, na mbebaji anaweza kuzeeka bila kujua. Kwa hiyo na kwao kimo. Kisukari cha mdogo kinatokea pale kinga ya mwili inaposhambulia kongosho lake. Soda na pipi hazikukileta, wala si kosa la ukoo wa mtu.

Wa katikati naye apimwe selimundu, kipimo cha damu cha mara moja. Kwa mtoto mzima wa wazazi wabebaji, nafasi ya yeye kuwa mbebaji ni mbili kati ya tatu, na atahitaji kulijua hilo akikua. Mdogo apimwe pia kama hajapimwa, na daktari wake wa kisukari aambiwe wazi kwamba dada yake ana selimundu. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu husoma hemoglobini, yaani protini nyekundu ya damu ambayo selimundu huibadili, na hemoglobini ikiwa na tofauti, jibu linaweza kuwapoteza.

Shangazi